Triphala, isabgol, sanamaki au papai: uchukue ipi choo kikiwa kigumu?

Swali huja hivi: "Dada, kati ya hii triphala na sanamaki, ipi nzuri?" Anayeuliza mara nyingi ameshika kopo tayari. Limekuja na basi kutoka Dar es Salaam, limetumwa na mtoto wake au mdogo wake aliyelinunua kwenye maduka ya Wahindi, na maandishi yake ni ya Kiingereza na Kihindi. Nahudumu katika duka la dawa muhimu hapa Mtwara mjini, na nyumbani ninaye mama mkwe ambaye choo kigumu kimemsumbua miaka mingi, kwa hiyo swali hili nakutana nalo mchana na jioni. Pale kaunta foleni hainiruhusu kulijibu lote. Hapa nafasi ipo.

Naviweka vitu vinne pamoja: triphala (unga wa matunda matatu), isabgol (maganda ya mbegu), sanamaki (majani) na chakula cha kwetu. Vyote vinatumiwa na watu wa Mtwara na Lindi kwa tatizo lilelile, lakini kila kimoja kinafanya kazi kwa njia yake, na kosa ninaloliona kila mara ni mtu kumaliza kimoja akachukua kingine kama anayebadilisha sabuni. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa choo kigumu cha kawaida anza na sahani, kikikataa nenda kwenye isabgol, triphala iwe ya mtu mzima asiye na mimba wala dawa nyingi, na sanamaki iwe ya siku chache tu.

Triphala yenyewe

Jina ni la Kisanskriti: tri ni tatu, phala ni tunda. Ni matunda matatu yaliyokaushwa, yakatolewa kokwa, yakasagwa na kuchanganywa kwa vipimo sawa: amalaki, ambalo wengi wanalifahamu kama amla, kisha haritaki na bibhitaki. Ni mchanganyiko mkongwe sana katika tiba ya Ayurveda ya India. Waganga wa huko huueleza kwa nguvu tatu za mwili, vata, pitta na kapha, na husema kila tunda linatuliza mojawapo.

Mtu wa kusini asiione ngeni sana. Haritaki na bibhitaki ni miti ya ukoo mmoja na mkungu, huohuo unaotupa kivuli ufukweni na watoto wakipasua kokwa zake kwa mawe. Na ladha ya ule unga ukiionja utaitambua: ni ukakasi wa bibo. Ule ukakasi unaokausha ulimi ukila bibo la korosho unatokana na tanini, na triphala imejaa tanini. Haritaki limetumika karne nyingi pia kutengenezea ngozi, kwa sababu tanini ndiyo inayoigeuza ngozi mbichi ya mnyama kuwa ngozi ya kiatu. Neno hilo, tanini, lishike. Litarudi tukifika kwa wajawazito.

Kipimo kilichozoeleka ni nusu kijiko cha chai hadi kijiko kimoja cha unga kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kulala. Vipo na vidonge. Choo hulainika asubuhi yake au baada ya siku mbili tatu, na kwa wengi hakuna msokoto mkali wa tumbo. Upole huo ndio unaowafanya wazee waipende. Majaribio yaliyofanywa kwa binadamu yapo, ila ni machache na ya watu wachache, kwa hiyo nikiulizwa nasema inaweza kumsaidia mtu mwenye choo kigumu cha kawaida, na sivuki hapo.

Kopo lenyewe huvuka. Utasoma kwamba inatoa sumu mwilini, inashusha sukari, inapunguza uzito, na wauzaji wengine huongeza saratani na vidonda vya tumbo. Haya ya vidonda ndiyo yanayonisumbua zaidi, maana kwetu kila maumivu ya juu ya kitovu huitwa vidonda vya tumbo. Vidonda vya kweli vina sababu zake: mara nyingi ni bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, au ni kumeza dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen kwa muda mrefu bila mpangilio. Bakteria huyo anapimwa, na tiba yake ni antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa siku zilizopangwa. Anayekunywa unga wa matunda miezi mitatu akisubiri kidonda kipone anakipa kidonda miezi mitatu ya kuchimba. Na kutoa sumu ni kazi ya ini na figo, ambazo hazisubiri kopo.

Madhara yake ya kawaida ni kuharisha, gesi na tumbo kukata, hasa aliyeanza na kijiko kilichojaa. Kwa joto letu la Novemba, mzee akiharisha siku mbili anakauka upesi. Aache unga, anywe ORS, na akiwa mnyonge au mkojo umepungua apelekwe kituo cha afya.

Jambo moja dogo lakini limewahi kuniletea mteja mwenye shida: soma neno linalofuata baada ya Triphala. "Triphala Churna" ni unga wa matunda matatu. "Triphala Guggulu" ni dawa nyingine, imeongezewa utomvu wa mti na vitu vingine, na huo utomvu unaweza kugongana na dawa za moyo na presha kama propranolol na diltiazem. Tena kuna unga mwingi wa Kihindi wa tumbo, wenye majina ya kila aina, uliochanganywa na sanamaki. Ukiona Senna au Cassia angustifolia kwenye orodha ya viungo, umeshika sanamaki yenye nguo nyingine.

Matunda ni mapole, kopo je?

Hapa ndipo ningetaka msomaji akae zaidi. Nikiulizwa hatari kubwa ya triphala iko wapi, jibu langu haliko kwenye yale matunda. Liko kwenye safari yake mpaka yakufikie.

Mwaka 2004 watafiti wakiongozwa na daktari Robert Saper walichapisha matokeo ya kupima dawa 70 za Ayurveda walizonunua kwenye maduka ya eneo la Boston, Marekani. Dawa 14 kati ya hizo, yaani moja katika kila tano, zilikuwa na madini ya sumu: risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 walirudia kwa dawa 193 zilizouzwa kwenye intaneti, na uwiano ukawa karibu uleule. Hazikuwa triphala peke yake; zilikuwa dawa za aina nyingi. Zile zinazoitwa rasa shastra, ambazo kwa desturi huwekewa madini kwa makusudi, zilikuwa mbaya zaidi, kama mbili katika kila tano. Lakini hata zile za mitishamba mitupu, takribani moja katika sita ilikuwa na madini hayo.

Miaka ya 2011 na 2012 idara ya afya ya jiji la New York iligundua wajawazito sita wenye risasi nyingi kwenye damu, na chanzo kikawa dawa za Ayurveda walizokuwa wakimeza. Risasi haina ladha wala harufu, na maji ya moto hayaiondoi. Humezwa kidogo kidogo, hukaa kwenye mifupa, hupita kwenye kondo la nyuma, na ubongo wa mtoto ndio unaolipa. Nikikumbuka hili, huwa siwezi kumwambia mama "ni mitishamba tu, haina neno".

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei, linganisha makopo. Triphala ya kununua iwe imefungwa kiwandani, iwe na jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kuisha, orodha ya viungo vitatu tu, na usajili. Nchini kwetu dawa, zikiwemo za mitishamba zinazoingizwa, husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iliyochukua nafasi ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, mwaka 2019. Waganga wa tiba asili na dawa zao wana Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Muuzaji anayejua anachouza haoni tabu kukuonyesha usajili.

Ule unga unaopimwa kwa kijiko kutoka kwenye ndoo na kufungwa kwenye nailoni mimi siununui, hata kama muuzaji ni jirani yangu. Sijui umesagwa wapi wala na nini. Na huku pwani, mvua zikishaanza Desemba mpaka Aprili, unga wowote uliofunguliwa hunyonya unyevu, hugandamana na kuota kuvu. Ukiwa na kopo lako, lifunge vizuri, kijiko kiwe kikavu, na likibadilika harufu litupe.

Sanamaki

Hii inajulikana kuliko zote, na kwenye maduka ya dawa za kisuna haikosekani. Jina limetoka kwenye Kiarabu, sana ya Makka. Ina heshima yake ya kidini kwa watu wengi wa pwani na ina heshima yake hospitalini pia: senna imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inafanya kazi kwa hakika. Bakteria wa utumbo mpana huvunja viambata vyake, navyo huuchokoza ukuta wa utumbo usukume na uvute maji. Ukinywa usiku, baada ya saa 6 hadi 12 utaitwa.

Ukiiweka sanamaki kando ya triphala, tofauti ni kama kumwamsha mtu kwa kumgusa bega na kumwamsha kwa kumvuta mguu. Sanamaki inafaa kwa mtu aliyefunga choo siku nne tano, anayetaka kufunguka usiku huu, kisha basi. Haifai kuwa kinywaji cha kila Jumatatu cha "kusafisha tumbo". Wiki moja ikipita bila ushauri wa mtaalamu, umekwenda mbali. Matumizi marefu hupoteza potasiamu, na potasiamu ikishuka moyo unaweza kuyumba, hasa kwa anayemeza furosemide (ya kupunguza maji mwilini) au digoxin (ya moyo). Shida nyingine ni kipimo: kidonge kina miligramu zinazojulikana, majani ya kuchemsha hayana. Ngumi moja ya majani leo na ngumi moja kesho si dozi moja, na ndiyo maana mtu husema jana ilinifaa, leo imeniua tumbo.

Isabgol

Wanaoifahamu ni wachache, na hilo nalisikitikia. Ni maganda ya mbegu za Plantago ovata, mmea unaolimwa sana Gujarat na Rajasthan huko India. Haina uchungu wala ukakasi. Ukiitia kwenye maji inavimba na kuwa kama uji wa kuteleza, na ndivyo inavyofanya tumboni: inashika maji, choo kinakuwa kingi na laini, utumbo unasukuma wenyewe bila kuchokozwa. Huchukua saa 12 mpaka siku 3, kwa hiyo asiye na subira huiacha siku ya pili akidai haifanyi kazi. Inafaa kwa choo kigumu na hata kwa tumbo linaloendesha kidogo, na inaweza kutumiwa muda mrefu.

Sharti lake ni moja na halina mjadala: maji. Kijiko cha chai kwenye glasi nzima, koroga, kunywa papo hapo kabla haijaganda, ufuatishe glasi ya pili. Anayeimeza kavu au kwa funda mbili za maji anaweza kukabwa nayo kooni, au ikamziba tumbo badala ya kulifungua. Mwenye shida ya kumeza asiitumie kabisa. Na isimezwe pamoja na dawa nyingine, maana inazizuia kufyonzwa vizuri. Acha saa 2 katikati.

Isabgol na triphala zote zinatoka India, zote zinauzwa duka moja, na wateja huniambia ni kitu kilekile. Hapana. Isabgol ni nyuzinyuzi, inapita tumboni na kutoka. Triphala ni dawa yenye kemikali zinazoingia mwilini. Ndiyo sababu kwa mtu anayetumia dawa nyingine kila siku nachagua ya kwanza.

Sahani yetu

Lindi na Mtwara ni nchi ya mbaazi. Mbaazi kavu zina takribani gramu 15 za nyuzinyuzi katika kila gramu 100, na nyingi tunazisafirisha kwenda hukohuko India. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha uagizaji, bei ilianguka na wakulima wetu wakaumia. Inaniuma kuona mtu ana gunia la mbaazi uvunguni, na amefunga choo kwa ugali wa sembe na samaki wa kukaanga mchana na usiku, kisha anauza kuku anunue kopo.

Mbaazi mara tatu nne kwa wiki, dona badala ya sembe, kisamvu, papai lililoiva asubuhi, maji ya ukwaju bila sukari nyingi, na maji ya kunywa ya kutosha. Wenye mbio za shamba wakati wa kubangua na kuokota korosho husahau maji kutwa nzima. Mpe mwili wiki mbili. Anayeongeza mbaazi kwa ghafla atajaa gesi, basi aongeze taratibu. Na kichukue choo kinapokuita, usikiahirishe mpaka ufike nyumbani.

Sasa, wewe ni nani?

*Mjamzito.* Huyu ndiye ninayemwogopea zaidi. Kliniki amepewa vidonge vya kuongeza damu, vya madini ya chuma, navyo vinajulikana kwa kufunga choo. Anakuja na kopo la triphala la wifi yake. Nikikumbuka ile tanini, najua inashika madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasiingie damuni, kama chai ya rangi inavyofanya. Kwa hiyo atapata choo na kupoteza damu aliyokuwa anaijenga. Ongeza na hofu ya risasi, na ukweli kwamba usalama wa triphala kwenye mimba haujathibitishwa. Asiitumie. Papai lililoiva, mbaazi, maji, na akihitaji zaidi isabgol kwa kumwambia kwanza muuguzi wa kliniki. Vidonge vya kuongeza damu asiviache, na asivimeze na chai.

*Mwenye kisukari.* Triphala inaweza kushusha sukari kiasi. Peke yake si neno, lakini juu ya glibenclamide au insulini inaweza kumwangusha: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Isabgol ni nafuu kwake, akipima sukari yake na kumweleza daktari.

*Anayetumia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, au dawa za moyo.* Asianze triphala wala sanamaki bila kumuuliza anayemtibu. Maabara inaonyesha triphala inaweza kubadilisha kasi ya ini kuvunja baadhi ya dawa.

*Mtoto.* Hakuna kati ya hizi tatu ya kumpa kwa uamuzi wa kaunta au wa bibi. Mpeleke.

*Mzee mwenye choo kigumu, hana kisukari, hana dawa za kila siku.* Hapa triphala ina nafasi yake halali: nusu kijiko, wiki mbili, kopo lenye usajili, kisha apumzike. Na kabla hata ya hapo, angalia anachomeza. Vidonge vya maumivu vyenye kodeini au tramadol, na dawa za kiungulia zenye aluminiamu, hufunga choo. Huenda kinachotakiwa ni kubadilisha hicho.

Kuna wasiostahili kuchagua chochote kati ya vinne hivi, kwa sababu tumbo lao linasema jambo jingine: damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu, kutapika huku tumbo limevimba na hata hewa haitoki, homa na maumivu makali, au mtu aliyevuka miaka 50 ambaye choo chake kimebadilika ghafla. Hao waende hospitali leo, iwe Ligula, iwe Sokoine kule Lindi, iwe Ndanda au Nyangao, popote palipo karibu.

Mama mkwe nilimwambia, "Shikamoo mama, nionyeshe kila unachomeza." Akaitikia marahaba, akaleta mfuko mzima: kopo la triphala, majani ya sanamaki kwenye gazeti, na vidonge vya tramadol alivyopewa na jirani kwa ajili ya mgongo, akivimeza tangu msimu wa korosho uliopita. Vidonge viliondoka kwanza, kidogo kidogo na kwa maelekezo ya daktari. Majani yakafuata. Sasa saa kumi jioni ananiita nimkorogee isabgol yake, glasi mbili, na mbaazi za nazi ziko jikoni. Kopo la triphala bado lipo kabatini, limefungwa, na ameshasema mwenyewe kwamba siku akilitaka ataniuliza kwanza.